Mkalimani Aliyeomba Saa Nne

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye ofisi ya kuandikisha wakimbizi hapa Kigoma. Mkalimani wa Kirundi, mama wa kabila la Waha kutoka Kibirizi, ufukwe wa wavuvi, akaweka barua ya kuacha kazi mbele ya bosi wake aliyehamishiwa huku kutoka Dar es Salaam.

"Nakuongezea mshahara, mama."

"Sitaki mshahara, mzee. Niruhusu niingie saa nne, siku za giza tu, mwezi usipoonekana, wavuvi wanapovua kwa taa. Mitumbwi ikileta dagaa asubuhi, lazima niwaanike. Mbalamwezi ikiwaka hawavuliwi, nitafika saa moja."

Bosi akaitazama kalenda ukutani, akafunua ukurasa, akaurudisha. "Sasa mwezi unaingiaje ofisini?"

Mama akakaza khanga kiunoni, akaaga, akatoka.

Foleni ikasogea. Bibi mmoja kutoka Burundi akaketi, akaanza kueleza kwa Kirundi, akiwataja wanawe kwa vidole. Alipofika kidole cha tatu akakikunja. Bosi akatikisa kichwa kukubali, asijue anakubali nini.

Saa nne ilipotimia, fomu ya yule bibi ilikuwa bado nyeupe. Mpaka leo sijaelewa ni nani aliyechelewa kazini.