Matanga ya baba yalivyomchelewesha mama kukata rufaa Same, enzi za Mwingereza

Habari za jioni wakuu.

Nimesoma uzi wa yule kijana aliyetupiliwa mbali rufaa yake ya kupinga kuhamishwa kwenye nyumba kwa sababu alichelewa, na wengine humu mkamcheka. Nimekasirika kidogo.

Mimi ni bibi, simu nimenunuliwa na mjukuu, kwa hiyo herufi zikirukaruka mnivumilie. Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu, ingawa siku hizi kinanijia kama ndoto.

Tulikaa milimani juu ya Gonja. Nilikuwa msichana mdogo. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka jikoni, unamsikia mtu akikohoa migombani na humwoni.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alilitaka shamba letu. Akashitaki kwenye baraza la mfumwa, mkuu wetu wa kienyeji, akashinda. Tukaambiwa tuhame. Iliyobaki ilikuwa rufaa kwa Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya kule Same, na rufaa ilikuwa na muda wake.

Baba akajiandaa kwenda. Akaugua kichomi, akafa kabla hajaondoka.

Sasa wakuu, kwetu wakati ule mjane hakutoka nje ya uzio mpaka matanga yaanuliwe na yeye anyolewe. Mwenye kuyaanua ni mkubwa wa upande wa mume. Na mkubwa mwenyewe ni nani? Baba mkubwa huyohuyo!

Akasema tumsubiri shangazi kutoka Maore. Shangazi akafika, baba mkubwa akasema pombe ya kuanulia haijaiva. Pombe ikaiva, akasema mvua.

Mama alikaa kwenye mkeka akitazama mlango. Mimi nilidhani anamsubiri baba arudi. Kumbe muda wa rufaa ulikuwa unamwishia hivi hivi akiona.

Siku alipoyaanua, jioni ileile baba mkubwa akamwambia, "Shemeji, sasa funga mizigo."

Alfajiri mama akanishika mkono, kichwa chake kilichotoka kunyolewa kimelowa umande, tukashika njia ya Same. Tulilala njiani kwa watu. Nakumbuka mawingu yakiwa chini yetu, nikaona labda tumeshafika huko mbinguni alikokwenda baba. Nikawa namtafuta.

Karani wa Bwana Shauri alimkatalia palepale, umechelewa mama. Mama hakuondoka. Alikaa barazani mpaka Bwana Shauri akampangia siku ya kujieleza, na baba mkubwa akaitwa. Tukasubiri kwa jamaa mjini.

Siku hiyo mkalimani akauliza sababu ya kuchelewa. Mama akasema ni matanga.

Baba mkubwa akacheka. "Bwana, matanga si kamba. Nani alimfunga?"

Mama akamgeukia kwa adabu zote. "Shemeji, ningetoka, ungenifanyaje?"

Wazee wa ukoo walikuwa wamejaa nyuma yake. Angejibu nini mbele yao? Akavimba. "Ningekufukuza! Mjane anayevunja matanga si mke wetu tena, hana shamba kwetu!"

Bwana Shauri akauliza taratibu, na mkalimani naye akatafsiri taratibu. "Na mwenye haki ya kuyaanua alikuwa nani?"

"Ni mimi," akasema.

Rufaa ikapokelewa. Kupokelewa tu, maana kesi yenyewe ilisikilizwa baadaye, na shamba likabaki kwetu.

Lakini njiani tukirudi nyumbani, kule juu mlimani, mama alikaa kwenye jiwe akalia mpaka nikaogopa. Kipindi chote cha matanga hakulia hivyo, akili yake ilikuwa Same. Sasa ndiyo alikuwa anamlilia mume wake.

Nilichojifunza ni hiki. Sisemi kila mchelewaji asamehewe, wengine wanalala tu, wakishtuka wanasingizia mafua. Ila hakimu aulize mtu alizuiwa na nini, nani aliyemzuia, na alipoachiwa alifanya nini. Na aliyekuzuia asije akanufaika na kuchelewa kwako. Nyumba ya mtu si kitu cha kunyang'anywa kwa kalenda peke yake.

Mawakili mliomo humu, na nyie mliomcheka yule kijana: mama akitoka anapoteza shamba, akikaa anapoteza shamba. Ungekuwa wewe kwenye kiti cha Bwana Shauri, ungempokea?

Semeni. Nasoma polepole, ila nasoma zote.