Hapakuwa na Mbwa Ndani ya Sufuria Langu

Hapakuwa na mbwa. Naanza na hilo kwa sababu kila anayekisimulia kisa hiki, kutoka mtaani kwetu Darsait, hapa Maskati, mpaka Unguja, anakisimulia kombo. Wengine wanasema mbwa mweusi, wengine wanasema mbwa wawili. Mwenye sufuria ni mimi, basi nisikilizeni mimi.

Nna miaka sabini na kitu, mjane, nakaa Maskati tangu nilipotoka Unguja na wanangu wadogo. Nifichieni jina, ingawa mkishasikia habari ya biriani mtanijua tu. Skuli sikusoma, haya nayasema kwenye simu nyie wenye ukurasa wa mtandaoni mniandikie. Lakini biriani langu, watu wakiacha harusi za ndugu zao wakija harusi niliyopika mimi. Kuna bwana harusi alisahau kwenda kwa mkewe, kashika kijiko. Msicheke, nilikuwapo.

Miaka ya tisini tulimpangisha chumba cha juu, nyumba yetu ya Darsait, mwalimu wa Kiingereza, Mwingereza mwenyewe, kijana mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Jioni akisomesha watu wazima mtaa wa Ruwi. Mchana, jua la kupasua kichwa, yeye huyo kwa miguu mpaka Hamriya kutafuta mkate, anarudi karowa jasho, anapanda juu kusahihisha makaratasi ya wanafunzi. Alitaka kujua Kiarabu, akawa anakaa jikoni kwetu kutusikiliza na kuandika maneno. Miezi mizima anaandika, kumbe sisi tunasema Kiswahili. Akaenda kumwamkia Mbaluchi wa dukani "shikamoo". Hatukumwambia. Televisheni yetu wakati ule ilikuwa mbovu, tukimtazama yeye.

Nilimpenda, sisemi uongo. Ila uchafu wake, yarabi. Kuoga kwake ni kukaa ndani ya maji, anajiroweka kama kunde, uchafu wake unamzunguka, kisha anatoka anasema kasafika. Na kamasi. Mtu anapenga, anatupa, ananawa, si ndiyo? Yeye ana leso, kile kitambaa cha mfukoni. Anapenga, anafungua anatazama, anakunja vizuri pembe kwa pembe, anarudisha mfukoni. Baadaye anaitoa ile ile, anajifutia na mdomo. Nikamuuliza, "Mwalimu, unamwekea nani akiba?" Akacheka, akasema hata babu yake anafanya hivyo. Ukoo mzima unatunza kamasi.

Sasa, siku moja nilikwenda kupika harusi ya watu Sohar, mji wa mbali, nikatumia masufuria yao. Nyumbani alibaki wifi yangu, dada wa mume wangu. Mwalimu akamwomba sufuria kubwa. Wifi hakuuliza la nini, akamtolea langu la biriani, la shaba, la mama yangu mzazi, nililovuka nalo bahari.

Narudi, naona mvuke unatoka chumba cha juu. Nikasema leo Mwalimu kapika, ngoja nimwonjee, ndiyo adabu ya mpishi. Nikapanda, nikafunua. Leso zake zote zimo, zinapanda zinashuka kama maandazi, na chupi zake katikati, na juu yake povu la kijivu, zito, linatokota. Yeye anakoroga kwa mwiko wangu. Mpaka leo nikilikumbuka povu lile natema mate.

"Mwalimu, nini hiki?"

"Nafua, Mama. Kwetu vitambaa vyeupe vinachemshwa."

"Kwenye chombo cha chakula?"

"Maji yanachemka, vijidudu vyote vinakufa."

"Vinakufa, na maiti zao zinabaki humo humo."

Nikamwambia lichukue, na mwiko wake, ni lako. Mimi nalitupa, yeye kadhani nampa zawadi. Alitaka kulia kwa furaha, maskini. Alipomaliza kazi yake akaondoka nalo mpaka kwao. Kwa hiyo hakuna Mwislamu aliyekula punje ya wali kutoka humo tangu siku ile. Mimi nilinunua jipya.

Lakini wifi alijua watu watauliza nani aliyelitoa. Akawahi yeye. Akasema nimemkodisha Mzungu sufuria aogeshe mbwa wake, kisha nikalisuuza nikapikia harusi. Watu wakapunguza kuniita, kidogo kidogo, kwa adabu. Mume wangu akanisihi, "Usimwaibishe dada yangu." Nikamwahidi nitanyamaza, na yeye sasa yuko kaburini.

Sasa mjukuu wangu anaolewa. Juzi wamekuja wa kwa mume. Mama wa bwana harusi akaniambia, "Bibi, usijichoshe, chakula tumeshaagiza hoteli." Nikamtilia kahawa, kikombe hakukigusa. Halwa hakuigusa. Ananionea kinyaa mimi, ndani ya nyumba yangu. Na wifi yangu kakaa ubavuni, anaikata halwa kwa vidole vitatu.

Walipoondoka nikamwambia, "Wifi, waambie ukweli."

"Mambo ya zamani hayo, wifi. Nani anayakumbuka?"

"Yule aliyeacha kikombe changu kimejaa."

Akajifanya kiziwi. Masikio yake mazima, anasikia karatasi ya peremende ikifunguliwa nyumba ya tatu.

Mjukuu analia, anataka biriani la bibi yake, na anaogopa ataonekanaje ukweni. Nikisema usiku wa hina mbele ya wanawake wote, nitakuwa nimevunja ahadi ya marehemu na nimemvua nguo kizee kinachotembelea mkongojo. Nikinyamaza, nitakaa harusi ya mjukuu wangu kama mgeni, nile biriani la hoteli, wali umepigwa rangi kama ukuta, na watu wakinipa mkono wataupangusa. Nyinyi ni wengi na hamnijui, nishaurini, nifanye nini?

Na kwa kuwa nataka uongo wa mtu mmoja ujulikane, na wangu uchukueni. Chupi hazikuwamo. Zilikuwa leso tupu, lakini leso tupu nyinyi msingehisi nilivyohisi mimi. Wifi katia mbwa, mimi nimetia chupi. Kamasi zilikuwa za kweli.