Shimo katika Shamba la Maharagi

Juzi, katika hospitali moja ya Butembo, niliona mtoto amefungwa kwenye ubao ili asimame. Pua yangu ikajaa harufu ya udongo mbichi.

Utotoni, ugonjwa ulikuwa umeilegeza miguu yangu. Katika shamba letu la Mbau, mama alichimba shimo, akanisimamisha ndani, akanifukia mpaka kiunoni.

“Mama, unanipanda?”

“Simama tu, mwana. Udongo itakukamata.”

Akaenda mbali, akanipa mgongo, akaanza kulima. Batoto benzangu walipita barabarani wakitoka masomo, sikuwaita. Nilisikia jembe tu, nikangoja miguu iote mizizi. Nilidhani mama amenisahau.

Leo natembea. Na juzi tu ndipo nilipokumbuka kwamba kipande kile alichokilima mchana kutwa, alikuwa amekwisha kukipalilia jana yake.