Suti ya Mume Wangu Madhabahuni

Jamani, nimeaibika! Mafuriko yalipobomoa nyumba huku Ipyana, mchungaji alituomba nguo za waathirika. Nikajaza mfuko matambara yasiyofaa hata kudekia. "Haya yanawatosha," nikamwambia mume wangu, mzee wa kanisa. Mfuko mwingine ulikuwa na suti yake ya kupeleka kwa dobi. Nikaichanganya mifuko hiyo miwili.

Jumapili mchungaji akainyanyua suti ile. "Mama Neema ametoa kilicho bora!"

"Ndaga fijo!" waumini wakanishukuru kwa makofi. Badala ya kunyamaza, nikasimama nikasema, "Maskini wa Bwana hatuwapi makapi."

Mume wangu akageuka kutoka benchi la mbele.

"Mama Neema, kumbe yale matambara ya maskini ndiyo umempelekea dobi?"