Siku Kamuhabwa Aliyokataa Kusema Imuka

Mwezi uliopita tulimzika kaka yangu Kamuhabwa huko Nyabiyonza, na tangu siku hiyo chakula hakinishuki vizuri. Si kwa majonzi peke yake. Mwanawe alisoma historia ya marehemu mbele ya watu, na katikati akasema, "Aliiwakilisha nchi katika mieleka, lakini hakufanikiwa." Watu walipotawanyika nikamfuata kwenye migomba.

"Nani kakuambia uandike hivyo?"

"Ni yeye mwenyewe, shangazi. Alinitajia akiwa kitandani, mimi nikaandika tu."

Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli. Kwa hiyo nisikilize wewe, maana mimi nilikuwepo.

Shule niliishia darasa la pili, lakini majina siyasahau. Mavuno ya kahawa yakiisha, kila Jumapili baada ya ibada tulikusanyika nyuma ya nyumba ya mzee Bitegeko. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kubeba majani makavu ya migomba na kuyatandaza, manene kama godoro, mtu akianguka asivunjike. Bado nasikia yanavyokwaruzana. Harufu ya ebitoke inatoka majikoni, ndizi zimeiva na maharage yake, na hakuna anayekwenda kula kabla Kamuhabwa hajaingia. Alimbwaga Byarugaba wa Kimuli. Alimbwaga Zakaria, mtoto wa mpishi wa misheni, mzito kama gunia la kahawa mbichi.

Kwetu mgongo ukigusa majani, basi, mchezo umekwisha. Lakini ushindi haukuwa wako mpaka umpe mwenzako mkono na kumwambia, "Imuka," yaani simama. Usipomwinua, umemwangusha tu, hujamshinda. Zakaria alikuwa akijibu kutoka chini, "Niache kwanza, huku kuna usingizi mzuri kuliko kwa mama," na watu wakavunjika mbavu.

Ndipo akaja mwalimu wa mieleka kutoka mjini. Jina lake nalijua, silitaji kwa sababu ana wajukuu wasio na kosa. Alimchagua Kamuhabwa awe mchezaji wa ridhaa, maana yake hulipwi, unavalishwa jezi ya nchi basi. Miezi mitatu alimkimbiza milimani, akamfundisha kushika miguu na kunyanyua mtu kiunoni. Hakumuuliza hata siku moja kwao mchezo unaishaje.

Wakavuka mpaka pale Murongo wakaenda Kampala, kwenye mashindano ya nchi jirani. Wawili wa kwanza Kamuhabwa aliwalaza chali, mabega yote mawili chini, filimbi ikalia palepale. Wa tatu alikuwa Mkenya. Akamrusha vizuri kabisa, lakini yule akaangukia bega moja. Filimbi haikulia. Kamuhabwa hakuingoja. Akamnyooshea mkono, akamwambia, "Imuka." Mkenya akaushika ule mkono, akamvuta, akampindua, akamkalia kifuani. Refa akapiga kiganja kwenye mkeka. Kwisha.

Mwalimu angesema, nimekosa mimi, sikumwambia. Hakusema. Waliporudi, pale Murongo, mbele ya wachuuzi wamejaa na mizigo yao, akasema, "Nimepeleka mshamba anayesalimiana na watu ulingoni." Wachuuzi wakaibeba habari hiyo pamoja na chumvi yao, ikamtangulia nyumbani. Alipofika, watoto walishampa jina, Imuka. Na mimi, mtoto wa mama yake, nilicheka nao. Nilikuwa na miaka kumi. Hasira yangu nyingine ni hiyo, na sina wa kumpelekea.

Jumapili iliyofuata tukatandaza majani kama kawaida. Kamuhabwa akaingia na Zakaria. Akambwaga kwa mzunguko mmoja, chali, tukapiga vigelegele tukingoja mkono. Hakutoa mkono. Alimpandia kifuani, akamkandamiza mabega kwa mikono miwili, akainua uso akatuangalia. Zakaria alijaribu utani wake, "Jamani kaka, umehamia?" Hakuna aliyecheka. Akakaza zaidi, mpaka Zakaria akaanza kukohoa.

Sasa ndiyo naelewa. Alikuwa anasubiri mtu apige kiganja chini, kama refa wa kule Kampala. Nani angejua? Mzee Bitegeko akasema taratibu, "Mwanangu, muachie mwenzako." Kamuhabwa akainuka, akachukua shati lake, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu. Zakaria akasimama mwenyewe, na majani mgongoni.

Jumapili ya pili walikuja vijana wanne, wakasukumana tu bila kushikana, kila mmoja anaogopa kukaliwa. Ya tatu hatukuambiwa tubebe majani. Leo nyuma ya nyumba ya Bitegeko kuna mahindi, na waliolima hawajui kwamba pale watu walianguka. Byarugaba amekufa, Zakaria amekufa, na kaka yangu amekwenda akiamini alishindwa, wakati ndiye peke yake kwenye mkeka ule aliyemaliza mchezo kama alivyofundishwa nyumbani.