Dumu Moja Nyamwage na Kurudi

Shangazi yangu alikuwa mwanamke wa kwanza niliyemwona akiendesha gari Kibiti, na aliendesha peku. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la dizeli, mtumba wa Japani, na mlangoni lilikuwa na maandishi ya huko ambayo watu waliniita niyasome kwa kuwa nilikuwa chuo kikuu. Nilisema siyajui, heshima yangu ikashuka kidogo.

Gari hilo lilitokana na kamba wa baharini. Kwa miaka mingi shangazi alipokea kamba wa Mbwera na kuwauzia matajiri waliokuja na barafu, nao walimpa bei waitakayo kwa sababu walijua kamba hasubiri. Alipopata gari na maboksi yake mwenyewe ya barafu, matajiri wakaanza kumwamkia wao kwanza.

Baba mkubwa, kaka yake, hakulipenda. Alidai linakula kuliko linavyoleta. Liuzwe, inunuliwe boti, na nahodha wa boti, kwa bahati njema, angekuwa yeye. Mnunuzi alishapatikana, angekuja Ijumaa. Shangazi alikuwa mjane na kitinda mimba, na kwetu neno la kaka mkubwa halijibiwi. Kwa hiyo hakulijibu. Alileta dumu dogo la njano la mafuta ya kula, akaliweka miguuni pake.

"Kaka, tupime. Nakwenda Nyamwage na kurudi. Nikitumia zaidi ya dumu hili, ufunguo wako."

Baba mkubwa alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Lori la jirani yetu lingemaliza dumu kama lile kabla ya kuiona Ikwiriri. Akakubali, ila msimamizi niwe mimi. "Huyu haamini hata kama ana kivuli," alisema. "Akisema limetosha, limetosha."

Sijui kama nimewahi kufurahi vile. Nilikuwa katika umri wa kudai ushahidi wa kila kitu, hata wa chumvi kwenye mchuzi, na hatimaye nilikuwa nimepewa jambo linalopimika. Tulijaza tangi mpaka shingoni, gari likiwa uwanjani, nikachora magurudumu yake kwa jivu ili tukirudi lisimame palepale, limeelekea kulekule, tulijaze tena kwa dizeli ya dumu lile. Nikafungua keria ya juu, kwa kuwa ilikuwa ikipigana na upepo bure. Nikataka matairi yajazwe sawasawa. Mjaza upepo akatushauri tutupe kafuri kwenye tangi, dizeli ipate nguvu. Nikamuuliza ni nani aliyepima. Akaniuliza naolewa lini.

Asubuhi baba mkubwa akaingia kiti cha nyuma bila kualikwa.

"Kaka, wewe ni magunia mawili ya mpunga," shangazi akasema.

"Na kamba wako ni manyoya?"

Niliamua akae. Mzigo ni mzigo.

Shangazi alikanyaga mafuta kwa kidole gumba tu, kama anayegusa kifaranga kilicholala. Gia alizipandisha mapema, injini ikanguruma chini kwa chini kama paka aliyeshiba. Akiona mbuzi kwa mbali aliinua mguu, gari likajipunguza lenyewe, na tulipofika mbuzi alikuwa ameshavuka. "Breki ni dizeli uliyokwisha kuinunua," aliniambia. "Unaikanyaga, unaimwaga mchangani." Nilimshauri aachie gia mteremkoni. Alikataa, alisema gari lisiloshikwa na gia halina mwenyewe. Tulibishana mpaka mteremko ukaisha.

"Simama hapo," baba mkubwa akasema. "Tumwamkie mjane wa binamu yetu."

Kwetu humpiti ndugu barabarani bila kusimama, na ndugu zetu wamepandwa kando ya barabara ile kama mikorosho. Tukasimama. Tukaulizana habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa mmoja mmoja, na tulipoaga tukapakiwa nazi. Kisha gia ya kwanza, mchangani, injini ikilia, nami nikiisikia dizeli inavyokwenda. Kituo cha pili tulipewa jogoo. Cha tatu, boga. Nikageuka nyuma. Baba mkubwa alikuwa amempakata jogoo, anatabasamu, na kwa mbele alikuwa amekwisha kumwona binamu mwingine.

Shangazi naye alikuwa ameng'amua. "Mama," akaniambia, "toa kichwa dirishani uamkie. Mimi sisimami tena, lakini simpiti mtu kimya."

Basi tukaanza kuamkia kwa mwendo. Nilitoka dirishani mpaka kiunoni. Shikamoo niliitupa nikiwa bado mbali, marahaba ikanikuta mlangoni, na habari za wagonjwa nikazipokea nikiwa nimegeuza shingo nyuma. Bibi mmoja alitukimbilia na ungo wake mkononi.

"Mbona hamsimami?"

"Tunapima dizeli, bibi."

"Mnapima nini?"

Alibaki kwenye vumbi na swali lake. Mbele, salamu niliyoianza kwa nyumba moja niliimalizia kwa nyumba ya pili, na watu wa nyumba ya pili wakajibu kuwa mguu wa babu umepona, japo babu hawakuwa naye. Shangazi alicheka mpaka machozi, lakini kidole gumba hakikutikisika.

Tuligeuza Nyamwage bila kuzima injini. Tulipokuwa tunarudi, tumekwisha kuvuka daraja la Ndundu, lililokuwa bado jipya, basi lililotoka Lindi likatupita, na konda akanitazama nikining'inia dirishani, namwamkia muuza samaki. Njiani alikuwa ameshaambiwa kwamba hatusimami. Hatukujua kwamba alikuwa amebeba habari yetu kuipeleka mbele: gari la yule mama wa kamba limekatika breki. Nani angemlaumu? Mwanamke mwenye adabu zake atawapitaje ndugu zake kama si kwa kushindwa kusimama?

Ikwiriri tulikuta barabara imezibwa kwa lundo la makapi ya mpunga lenye kimo cha mtu. Pembeni watu walijipanga, mzee mmoja amenyanyua mikono anaomba dua. Shangazi akakanyaga breki. Gari likasimama taratibu hatua chache kabla ya makapi.

Mzee akashusha mikono.

"Zimerudi," mama mmoja akasema.

Tulisema breki hazijakatika, hawakutuamini kabisa. Vijana walimzuia shangazi asiondoe gari kwa moto wa injini. Zikiondoka tena je? Wakafukua njia, wakalisukuma gari mji mzima kwa vigelegele, baba mkubwa akipungia watu mkono kama bwana harusi, mpaka alipokumbuka alikuwa upande gani.

"Kusukumwa si dizeli," akaniambia.

"Kweli," nikasema. Ilinibidi.

Shangazi hakubishana hata kidogo. Aliwasha, akageuza, akarudi mji mzima mpaka kwenye makapi, akageuza tena, akaupita mji kwa moto wake. Watu waliokuwa wameanza kutawanyika wakakimbilia tena vibarazani.

Kibiti, jua likiwa bado juu ya minazi, alilisimamisha gari kwenye jivu langu na akakataa kushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele. Nikaweka faneli, nikamimina. Baba mkubwa aliinamia shingo ya tangi mpaka akanizibia mwanga. Dizeli ikapanda, ikajaa, na dumu bado lilikuwa zito.

"Limetosha?" shangazi akauliza bila kugeuka.

"Bado. Ni povu. Lisubiriwe litulie."

Alifumba macho. Povu likashuka, na dizeli ikashuka nalo kuliko nilivyotaka. Nikamimina tena, kidogo, nikangoja, nikamimina. Sasa dumu lilikuwa jepesi mno, na kwa mara ya kwanza siku ile nilitaka jibu moja kuliko jingine. Nikatikisa gari kutoa hewa. Nikaongeza. Dizeli ikasimama shingoni, safi, haina povu. Baba mkubwa alininyang'anya dumu, akalitikisa sikioni mwake. Ndani ikasikika dizeli, kidogo, inacheza.

"Msimamizi?" akauliza.

"Limetosha, na dizeli imebaki."

Akakohoa. Akasema mnunuzi wa Ijumaa atapewa chai na kitumbua, arudi kwao.

Shangazi aliwasha gari, akakanyaga kwa unyayo mzima mpaka chini. Akazunguka uwanja, akazunguka tena, moshi mweusi, honi haiachiwi, kuku wanaruka ukuta, akiichoma dizeli bila sababu yoyote duniani, nami nikimkimbiza nyuma nikicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi.