Kisanduku cha Milima ya Dhahabu

Harufu ya majivu yaliyolowa hainitoki puani, hata hapa ughaibuni, Campbelltown, ninakopikia kwa jiko la umeme. Inanirudisha Bukavu, msimu wa mvua, nyumbani kwetu mteremkoni, siku Madame Sachiko alipotutumia vitamu vya mchele ndani ya kisanduku cha kwao Japani. Kilikuwa cheusi, mbao iliyopakwa utomvu wa mti tabaka juu ya tabaka hadi ukajiona uso. Kifunikoni walichora milima, msonobari na mto kwa vumbi la dhahabu. Mama yangu, Nabintu, alimfulia Madame nguo. Tangu baba afariki, kazi hiyo ndiyo iliyotulisha.

Sasa kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, wala hakirudi kichafu. Mama akiwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, ya kutia humo, dada yangu Feza, yule mwenye mikono isiyotulia, akakichukua akakisugua kwa majivu na mchanga kama tulivyosugua masufuria. Alitaka king'ae. Nilipogeuka, mto ulikuwa umefutika na mlima mmoja umebaki nusu.

Mama hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Feza, umetumaliza," alisema taratibu. Shangazi Mwamini akashauri tuseme kimeibwa. "Wifi," Mama akamjibu, "mficha uchi hazai." Sombe ilipoiva na kupoa, akatandika jani la mgomba ndani ya kisanduku, akaitia.

Tukapanda mlima, mimi nimekikumbatia, Feza nyuma analia, Mama mbele hageuki. Mlangoni Mama hakungoja hata salamu. "Madame, mtoto wangu amekiharibu, amekisugua na majivu. Kama kazi imeisha, uniambie." Madame akapitisha kidole pale palipokuwa na mto. Akapitisha tena. Meno ya Feza nikayasikia yakigongana. Kisha Madame akafungua kifuniko, akachota sombe kwa kidole kile kile, akaonja.

"Chumvi imepungua," akasema. "Kesho uje mapema, nguo ni nyingi."

Kazi ilibaki. Lakini kisanduku hakikushuka tena kwetu. Vitamu vilikuja vimefungwa kwenye karatasi.

Siku hizi nikimpelekea jirani sombe kwenye kikopo cha plastiki, mjukuu wangu Neema huniambia kwa Kiingereza chake, "Koko, watakitupa tu." Kweli, hutupwa, na hakuna anayetetemeka mlangoni kwa mtu. Tumepumzika. Ila huyo jirani hajawahi kunikabidhi chombo chake; sijui ameniamini kwa kitu gani.